Bakuli la Tadao

Siku mjukuu wangu Kanae alipokuja kuniaga alinikuta bandani nafungua chaza, na sikuinuka. Kisu mkono wa kulia, chaza mkono wa kushoto. Unachomeka pembeni, unakata ule mshipa unaoshika ganda, unapindua, nyama inaangukia ndooni, ganda unalirusha nyuma. Kazi hiyo nimeifanya tangu nina miaka kumi na miwili. Shule niliiacha hapo hapo na sijawahi kuililia.

"Bibi, naondoka kesho."

"Nimesikia."

"Hutaki hata kuniangalia?"

"Nikikuangalia nitajikata."

Wanawake wa bandani wakacheka. Yoshimi, anayekaa kushoto kwangu na mdomo wake haujawahi kupumzika, akamwambia, "Mwache bibi yako, mtoto. Huyu hata mumewe alipokufa alimaliza ndoo kwanza ndipo akaenda."

Ni kweli nilimaliza. Marehemu hakuwa na haraka.

Kanae ni binti wa mwanangu wa kwanza. Alisomea unesi, akaajiriwa hospitali kubwa ya Hiroshima, wadi ya watu mahututi. Mwanzoni alikuwa mtoto wa kucheka. Baada ya miaka minne mitano akawa anakuja nyumbani sikukuu, anakaa mezani, anasinzia vijiti viko mkononi na wali uko mdomoni. Mama yake analia jikoni, baba yake anawasha televisheni. Mimi nilimwambia wazi, acha kazi au tafuta mume. Akatafuta viza.

Viza yenyewe wanaiita ya likizo na kazi. Vijana wetu wanapewa na Australia, ila lazima uwe hujatimiza miaka thelathini na mmoja. Unakaa mwaka, unatembea, ukitaka unafanya kazi.

"Tangu lini likizo ikawa na kazi ndani yake?" nikamuuliza siku ile. "Na huko utakuwa nesi?"

"Hapana. Cheti changu kule hakihesabiki. Nitakuwa msaidizi tu, kwenye nyumba za wazee."

"Yaani umesoma miaka yote ile ili ukaoshe makalio ya wazungu."

"Hata hapa naosha makalio, Bibi. Ya watu wa Hiroshima."

Banda zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikachukua chaza mwingine.

Kungekuwa nchi nyingine labda ningeinuka. Lakini Australia ni jina lisilotajwa nyumbani kwetu, na Kanae alikuwa analijua hilo, ila sababu yake hakuijua vizuri. Vijana wa sasa ukiwaambia habari za vita wanatazama saa.

Vita ilipokwisha, askari waliokuja kukaa Kure, hapo ng'ambo ya maji kutoka kisiwani kwetu, walikuwa wa nchi hiyo. Watu warefu, wekundu, chokoleti mfukoni. Sisi tulikuwa tunakula viazi vitamu na majani yake. Kaka yangu Tadao hakuwepo. Alipelekwa vitani Manchuria, kaskazini mwa Uchina, akiwa kijana, Warusi wakamteka, wakamtupa Siberia kukata miti. Barua haikuja. Mwaka unakwisha, barua hakuna.

Alikuwa ameacha mchumba. Sumie, msichana wa banda letu hili hili, aliyekaa benchi moja na mama yangu. Mimi nilikuwa mtoto nakusanya maganda, nikimwita dada. Alikuwa na mikono miepesi kuliko wote na sauti ya kusema utani bila kutabasamu. Nilimpenda, nalisema hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kwetu, mtu akiwa mbali, vitani au baharini, nyumbani anawekewa chakula chake. Bakuli lake mwenyewe lenye kifuniko, vijiti vyake, pale pale alipozoea kukaa, ili huko aliko asilale njaa. Baada ya muda unafunua kifuniko unatazama upande wa ndani. Kukiwa na matone, yuko hai. Kukiwa kukavu, hapo unaanza kuogopa.

Mama alikuwa na bakuli la Tadao lakini hakuwa na cha kutia. Basi Sumie ndiye aliyeleta. Kila jioni anapanda njia ya kwetu, sehemu yake ya chakula ameifunika kwa aproni, anakuja kuimimina kwenye bakuli la Tadao. Anapiga magoti, anasema, "Karibu chakula." Anasubiri. Anafunua kifuniko, anakigeuza kwenye mwanga wa taa. Akiona matone anamwonyesha mama, mama anaitikia kwa kichwa. Kisha anarudi kwao tumbo tupu.

Mwaka ule wa baridi kali hatukuwa na mkaa. Moto ukawashwa mara moja kwa siku, asubuhi. Jioni Sumie akaleta kiazi kilichopoa, akakiweka, akasubiri, akafunua. Kukavu. Akapangusa kifuniko kwa kidole, akakitazama kidole.

Mama akamwambia, "Mwanangu, kiazi baridi hakitoi mvuke."

Kesho yake kukavu tena. Mama akamwambia yale yale. Mpumbavu gani hajui kwamba chakula baridi hakitoi mvuke? Lakini yeye alishaamini kwamba Tadao amekufa. Au aliamua kuamini. Mimi nasema aliamua. Akaacha kuja. Akaacha na banda, akapata kazi jikoni kwa askari, huko Kure, na haukupita muda watu wakamwona gatini anatembea na mmoja wao, mkono kwa mkono, mchana kweupe.

Tadao alirudi mwaka uliofuata. Vidole viwili vya mguu vimebaki kwenye barafu ya Warusi, meno ya mbele hana, lakini mzima. Alipoingia mlangoni mama alianguka. Mimi ndiye niliyemwambia habari za Sumie, maana hakuna mkubwa aliyethubutu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua viatu, akauliza kama kuna maji ya moto.

Serikali ya Australia ilipokuja kuruhusu askari wapeleke wake zao, Sumie akapanda meli. Tadao hakuoa. Alifunga machelezo ya mianzi ya kukuzia chaza mpaka kifua kikamshinda, hata sitini hakufika. Nilimfumba macho mimi. Kwa hiyo mtu asiniletee habari za Australia.

Kanae akaenda.

Alikuwa anapiga simu Jumapili, ile simu ya kuonana uso. Aliniachia kifaa chenyewe, nakibonyeza kwa kifundo cha kidole kwa sababu ncha za vidole vyangu hazina alama tena, zimekwisha kwa maganda. Mwanzo alikuwa anafungasha karoti. Kisha akafanya kozi fupi ya usaidizi. Kisha akaanza kuzunguka nyumba za wazee na karatasi zake, na kila mahali wanamkataa.

"Wanasema Kiingereza changu hakitoshi, Bibi."

"Wazee wenyewe hawasikii. Kiingereza cha nini?"

"Wanasema niwe naweza kupokea simu."

"Ulikuwa unashika mioyo ya watu Hiroshima, leo umeshindwa kushika simu. Rudi nyumbani."

"Sirudi."

Ukaidi huo hakuutoa kwa mama yake.

Siku moja nikamwona uso umebadilika. Yuko mji mdogo, ndani kabisa ya nchi, ngano pande zote, bahari hata harufu hakuna. Amepata kazi. Kwenye duka linalouza vyakula vya kwetu alikuta tangazo limebandikwa ukutani. Mama mmoja, jina lake Lorraine, anatafuta mtu anayejua Kijapani, kwa ajili ya mama yake aliye nyumba ya wazee. Huyo mama mzee amepata ugonjwa wa kusahau, na cha kwanza alichosahau ni Kiingereza. Miaka sitini alikisema, kikafutika chote. Binti yake hajui neno la Kijapani kwa sababu mama hakumfundisha. Enzi zile haikuwa vizuri kusikika ukikisema. Sasa mama na binti wanatazamana tu. Lorraine akawabana wenye nyumba ya wazee mpaka wakamwajiri Kanae, Kiingereza chake kibovu hivyo hivyo.

"Ni mtu wa huko kwetu, Bibi. Akikaa tu, mikono yake inafungua chaza. Wenzangu wanadhani anatetemeka. Mimi nikaitambua hapo hapo, anachomeka, anapindua, anarusha. Na akisema, anasema kama wewe."

"Alifikaje huko?"

"Mumewe alikuwa askari Kure. Ameshakufa."

Kisha nikauliza jina.

"Wanamwita Sue."

"Sikuuliza wanamwitaje."

"Sumie."

Nikakata simu.

Jumapili iliyofuata nikamweleza kila kitu, kwa ufupi, kama nilivyoeleza hapa. Akaweka mkono mdomoni. Nikamwambia, fanya kazi yako, lakini huyo mtu usimtaje mbele yangu. Akasema sawa, Bibi. Akatii majuma kadhaa. Alinisimulia habari za kangaruu wanaokaa uwanja wa gofu, na za mzee mmoja anayemwita jina la mbwa wake. Kule alikuwa ananenepa. Alikuwa anacheka tena, nami nikaona, sikusema.

Kisha akaanza kuja simuni na uso wa Hiroshima.

"Bibi, najua umenikataza."

"Basi usiseme."

"Amekataa kula. Amekonda mpaka mifupa. Kila mlo anasukuma. Daktari anazungumza habari za mrija wa kumlishia, Lorraine analia, hataki mrija. Mimi nimewekwa pale kwa ajili yake. Nambembeleza kwa lugha yake na bado hali kitu."

"Anasukumaje?"

Sikuwa nimekusudia kuuliza. Mdomo uliniponyoka.

Akanieleza. Chakula chao kinakuja na gari la kusukuma, kila sahani na kifuniko cha plastiki juu. Sumie anafunua kifuniko, anakigeuza, anakitazama ndani. Anakirudisha. Anaisukuma trei upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kitupu. Anainama. Basi. Anakaa mikono magotini mpaka chakula kinapoa na wahudumu wanakuja kukiondoa, wanaandika amekataa.

"Na kuna siku," Kanae akasema, "walileta nyama baridi na saladi. Akafunua, akatazama, akaanza kulia. Alilia siku nzima, Bibi. Hatukujua amepatwa na nini."

Nilikuwa nimekaa jikoni kwangu. Nilitazama bakuli langu mwenyewe lililokuwa mezani, nikaligeuza kifudifudi.

"Hajakataa chakula," nikasema. "Anampa mtu." Nikamweleza habari za bakuli, na matone, na kiazi baridi.

Kanae hakuwa anaijua desturi hiyo. Angeijulia wapi? Watu wa siku hizi mtu akiwa mbali wanampigia simu.

Siku iliyofuata akapiga tena, na haikuwa Jumapili. Alikuwa amejaribu. Alimwambia Sumie, huyo unayemngoja hajambo, kula wewe. Sumie akamtazama juu mpaka chini, akamjibu, "Wewe ni nani hata ujue habari za nyumba ile?"

"Umeona," nikasema. "Mdomo haujasahau."

"Bibi, zungumza naye wewe. Wewe ni wa nyumba ile."

"Ng'o."

"Atakufa."

"Mwache amlishe Tadao. Alipokuwa na haja ya kulishwa, yeye alikuwa anapika mayai ya askari."

"Mimi ni nesi, Bibi. Mtu anakufa njaa mbele yangu, wewe unaniambia mayai."

"Huko si nesi. Ulisema mwenyewe."

Nilimwona jinsi lile neno lilivyomwingia. Hakulia. Akasema taratibu, "Viza hii mwajiri mmoja ni miezi sita tu. Wameniombea niongezewe, imekataliwa. Majuma matatu yamebaki, kisha naondoka nitake nisitake. Nikiondoka hata wa kumwambia karibu chakula hatakuwepo." Akakata yeye. Mara ya kwanza maishani mwake kunikatia mimi.

Kesho yake bandani nilifungua chaza kama mwenye ugomvi nao. Nikajikata kidole gumba, jambo ambalo halijanitokea tangu mfalme yule mwingine yuko hai. Yoshimi akanirushia kitambaa.

"Umegombana na mtoto."

"Fungua chaza zako."

"Kisiwa kizima kinajua. Mkwe wako alisema dukani. Eti Sumie yuko hai, na anaweka bakuli."

"Mkwe wangu angeshonwa mdomo."

Yoshimi akafungua mbili tatu. Yeye ni mdogo kwangu, ya wakati ule aliyasikia kwa mama yake. Akaniuliza, si kwa ubaya, kwa umbea tu, "Lakini Hatsue, kile chakula cha kwenye bakuli, mwisho kilikuwa kinakwenda wapi? Hamkukitupa, njaa ile."

"Kilikwenda wapi! Nilikula mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa mtoto ninayekua. Sumie akishatoka mama ananisogezea bakuli, nakula, nalamba na kifuniko. Kila jioni, tangu mwisho wa vita mpaka baridi ile ya kiazi. Si siri, na si kosa, mtoto anakula anachopewa. Ila Yoshimi alinyamaza, na yeye kunyamaza ni kitu cha ajabu, akawa ananitazama mikono. Mikono hii, mifupa hii, imejengwa na chakula cha nani? Sikuwa nimewahi kulipanga jambo hilo hivyo. Nilikuwa nimeliweka kando miaka yote kwa sababu halikunifaa.

Nikamaliza ndoo. Nikanawa. Kule saa zao ziko mbele kidogo ya zetu, na wazee wanakula mapema, jua bado liko juu. Nikampigia Kanae.

"Yuko wapi?"

"Mezani. Chakula ndiyo kimefika."

"Mpe."

Akaiegemeza simu kwenye jagi la maji. Nikamwona.

Nilikuwa na maneno. Miaka sitini nimeyanoa, nikiwa bandani, nikiwa kwenye kaburi la Tadao, nikiwa bafuni. Nilijua nitaanzia wapi na nitamalizia wapi. Nikaona kibibi kidogo, nywele nyeupe zimekatwa kama za mtoto wa shule, kimevalishwa sweta lenye maua, shingo kama ya ndege. Mikono kwenye mapaja inachomeka, inapindua, inarusha. Akainua macho akanitazama, na mikono ikasimama.

"Mama," akasema.

Mimi nimefanana na mama yangu, wote wanasema. Nilipofikisha umri wake nikawa yeye mtupu.

"Mama, leo kuna matone." Akakiinua kifuniko cha plastiki akanionyesha, anakigeuza kwenye mwanga, kama zamani zile. "Tazama. Mengi."

Sasa hapo unamtukana nani? Mtu wa kumtukana hayupo. Aliyekuwepo ni yule msichana wa kabla, na yule sikuwa na ugomvi naye. Yule ndiye aliyekuwa akinilisha. Maneno yangu yote yakakosa wa kuambiwa, na bado ninayo.

Nikasema, "Naona."

"Naye atakionaje chakula hiki? Wali wao huku mbaya, Mama. Umelowa."

"Sumie, nisikilize. Amerudi."

Akakiweka kifuniko mezani.

"Tadao amerudi. Yuko hapa nyumbani. Ameshakula. Sasa kula wewe."

Sikudanganya hata neno. Alirudi kweli. Alikula kweli. Ni siku tu ndizo sikuzitaja.

Sumie akashika ukingo wa meza. "Amekonda?"

"Amekonda. Vidole viwili vya mguu hana."

"Vya mguu upi?"

"Vya kushoto. Lakini anatembea."

Akafikiri. Midomo inacheza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, mpaka Kanae akainama kusikia, "Amekasirika?"

Hapo ningeweza kumchoma. Kisu kilikuwa mkononi mwangu na ganda limeachia. Lakini ukweli ni kwamba Tadao hakukasirika. Hata siku moja hakumsema vibaya. Nikianza mimi, anatoka nje kwenda kuangalia mianzi yake. Aliyekasirika ni mimi. Nilikasirika kwa niaba yake, na kwa niaba yangu, maana dada aliondoka bila kuniaga.

"Hakukasirika," nikasema. "Kula. Kinapoa."

Akaivuta trei. Kwanza polepole, kama anaiba. Kanae akamwekea kijiko mkononi, akakikataa, akala kwa vidole, samaki na ule wali uliolowa. Alikula mpaka akapangusa sahani. Nyuma yake akaonekana mama mmoja wa kizungu, mnene, mvi, amesimama mlangoni na mkoba wake, mikono ameweka kichwani. Nikajua ndiye Lorraine. Nikabonyeza, nikazima.

Kinyongo changu kilikuwa bado kipo. Nilikipapasa nikakikuta mahali pake. Lakini kesho yake saa ile ile nilipiga tena, na kesho kutwa, kwa sababu mtu anakula kila siku, hali mara moja akatosheka. Kila mara ananiita Mama, kila mara Tadao ndiyo kwanza amerudi. Majibu ni yale yale. Amekonda, vidole viwili, hakukasirika, kula. Sikumwita dada hata mara moja.

Majuma matatu yakayoyoma. Mimi asubuhi na mchana niko bandani, siwezi kushinda simuni, na Sumie ana milo mitatu. Kanae akajaribu kumwambia yeye kwa maneno yale yale, na safari hii Sumie akakubali, kwa sababu alishayasikia kwa mwenye nyumba. Akawa anavuta trei tu na kula. Tatizo likabaki moja, Kanae anaondoka. Sheria ni sheria, miezi sita imekwisha, wala hawakumfukuza kwa ubaya, walimwokea keki.

Ni Kanae aliyewaza kumfundisha Lorraine.

Lorraine ana karibu miaka sitini, ulimi umeshakauka. Siku tatu nzima wawili hao wamekaa kwenye maegesho ya magari, Kanae anasema, Lorraine anafuatisha. Walinipigia nisikilize. Lo! Kama mtu anatafuna mawe. Nikamwambia Kanae, mwambie anaharibu, arudie. Akarudia. Anaharibu, arudie. Akarudia mpaka jasho. Yule mama hakukasirika, aliinama kila mara. Kuinama alifundishwa na nani, sijui. Labda alikuwa akimwona mama yake.

Kisha Lorraine akamuuliza Kanae jambo, na Kanae akanigeukia hajui afanye nini.

"Anauliza, Bibi, maneno haya maana yake nini hasa. Nani amerudi?"

Kumbuka baba wa Lorraine ni yule askari. Kanae alisema alikuwa mtu mwema, fundi wa matrekta, na Sumie alimuuguza mpaka mwisho. Picha yake iko juu ya kitanda.

"Nimwambie ni kaka wa mama yake? Au baba?"

"Kwa nini umdanganye?" nikasema. "Mwambie ukweli. Mwambie ni mwanamume aliyeachwa."

Sijui Kanae alilainisha kiasi gani. Nilimtazama yule mama anavyosikiliza. Alitazama dirisha la chumba cha mama yake kwa muda mrefu. Nikadhani ataingia kwenye gari lake aende, na nisingemlaumu, mimi ningekwenda. Kisha akauliza swali fupi.

"Anasema, jina lake lilikuwa nani."

"Tadao."

Akalisema. Alilisema vibaya. Akalirudia, likawa afadhali.

Kanae aliondoka mji ule na begi lake, akaenda kaskazini, nyumba nyingine ya wazee, mpaka viza ilipokwisha. Sasa amerudi. Anafanya kazi hapa hapa kisiwani, anapita nyumba kwa nyumba kuwatazama wazee, na kila mtu anayelala kitandani anamjua kwa mlio wa pikipiki yake. Mume bado hana. Bado mkaidi. Akikuta mzee anaacha chakula, haandiki kitu kwanza. Anakaa chini anauliza chakula hiki ni cha nani.

Na Sumie aliishi hadi baridi ya kwao, ambayo kwetu ni kiangazi. Kila mlo binti yake alimwambia. Siku asizoweza kwenda asubuhi, anapiga simu, wanamshikia mama yake simu sikioni. Alikufa usingizini baada ya chakula cha jioni, sahani tupu. Lorraine alimwandikia Kanae hivyo, na Kanae akaja kunisomea nikiwa nang'oa majani bustanini. Sikuinuka.

Mwezi wa nane, siku zile tunapowapokea wafu wetu, nilipanda kaburini kwa Tadao kama kila mwaka. Liko juu kwenye mteremko, machelezo ya mianzi yote unayaona chini. Nilisafisha jiwe, nikamwagia maji, nikawasha ubani. Nilimletea wali wa moto kwenye bakuli lake lile lile, lina ufa sasa. Nikamwambia habari zilivyo, yeye hapendi maneno mengi. Nikamwambia, kuna mwanamke mzungu huko mbali, mnene, hata humjui, alikuwa anasema jina lako mara tatu kwa siku. Anasema umerudi.

Nikamwambia pia, mimi bado sijamsamehe.

Nikakaa pale mpaka ubani ukaisha. Kisha nikafunua kifuniko, nikakigeuza kwenye jua, nikatazama, nikakirudisha.

Wali niliula mwenyewe njiani, nateremka.